Kijiko cha Baba Mutua

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana ndiyo siku raba yangu ilipofungua mdomo katikati ya Barabara ya Ngong. Soli ya mguu wa kulia ilibanduka, ikawa inapiga makofi kila nikikanyaga, na watu waliosimama kungoja magari wakageuka kunicheka. Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne ya mbio. Zilibaki siku mbili, na sikuwa na raba nyingine wala pesa za kununulia.

Nitakueleza ilikuwaje mfua nguo wa Kawangware akajikuta anakimbia barabarani wiki nzima. Ila usinikimbize. Nilikimbia vya kutosha ujanani, sasa nataka kuzungumza nikiwa nimekaa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimetoka kwetu Kitui, nimepanga chumba hapa Gatina, ndani ya Kawangware, nafua nguo za watu kule Lavington. Nauli sikuwa nayo, na kuamka mapema sikuweza, kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda kazini mbio, na jioni nikarudi mbio kabla unga haujaisha dukani. Watu wakanizoea. Wengine walinitania kwamba tangu lini Mkamba akakimbia, hayo si mambo ya watu wa Bonde la Ufa? Nilikuwa mwembamba kweli, lakini wembamba wa reli, treni inapita.

Sasa, palikuwa na mtu wa kwetu aliyeitwa Ngumbau, sisi tukimwita Baba Mutua. Alikuwa fundi viatu, ana kibanda chake Kambi Muru, huko Kibera. Mwaka huo karo ya watoto ilimzidi, akaenda kutafuta kibarua cha mjengo, na huko akaanguka kutoka juu akavunjika nyonga. Hospitali wakamwambia kwamba asipopasuliwa atatembelea magongo maisha yake yote. Sisi watu wa kutoka Kitui tulikuwa na chama chetu cha kusaidiana, msiba ukitokea tupo, ugonjwa ukitokea tupo. Tatizo ni kwamba mwaka huo misiba ilikuwa imefuatana, na kila mtu alikuwa amechoka kuchanga.

Mwenyekiti wetu alikuwa kijana aliyeitwa Musyoka, mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Alikuwa amesoma gazetini habari za Wazungu wanaokimbia siku nyingi mfululizo ili watu wachangie wagonjwa. Akanijia akaniambia nitakimbia kutoka Gatina hadi Kambi Muru na kurudi, tena na tena, tangu jua lichomoze mpaka lizame, Jumatatu hadi Jumamosi, bila kupanda chochote chenye magurudumu. Wenye maduka na wenye ploti za kupangisha wangeweka ahadi kwa kila siku nitakayomaliza. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Nilimwambia nafanya hivyo kwa ajili ya Baba Mutua, na wakati ule nilidhani ni kweli tupu.

Kila jioni nilimalizia kwenye uwanja wa kanisa hapa Gatina, ambapo kamati ilifunga turubai na kuweka kipaza sauti. Jumatatu ile, nilipofika nikihema, nilimkuta Baba Mutua ameletwa na pikapu, amelazwa kwenye godoro, blanketi limemfika kidevuni na mikono iko ndani. Sikuwa nimemwona tangu aanguke. Mkewe, Mama Mutua, alikuwa ameinama akimlisha uji kwa kijiko mbele ya umati. Mwanangu, nililia. Musyoka akaninong'oneza la kusema, nami nikashika kipaza sauti nikasema kwamba ninamkimbilia ndugu yetu ambaye hata kijiko hawezi kushika.

Wamama walijifuta machozi kwa leso zao. Mzee mmoja mwenye ploti nyingi, Baba Wangari, mzaliwa wa hapahapa, alisimama akasema kwamba nikimaliza siku zote sita, pengo lolote litakalobaki la hospitali atalijaza yeye. Watu walipiga makofi mpaka turubai likatikisika. Basi Jumanne nikasema maneno yaleyale, na Jumatano pia, na kila jioni makofi yalizidi.

Haya, turudi kwenye raba yangu. Nilijikokota na ile soli hadi Kambi Muru, nikamuuliza mama muuza mboga za sukuma kama kuna fundi karibu. Akaniambia niende kwa Baba Mutua. Nilidhani ananikejeli, nikakasirika, lakini nikaenda hivyohivyo kumwomba mkewe kamba ya kufungia kiatu.

Nilimkuta Baba Mutua ameketi nyuma ya nyumba yake kwenye kigoda, magongo yameegemea ukuta, mguu mmoja ameunyoosha juu ya debe. Mkononi alikuwa na sindano ya viatu. Alikuwa anashona kandambili ya jirani. Aliponiona alishtuka, akataka kuficha, halafu akaona nimeshaona.

"Hiyo raba imekufa," akasema. "Lete."

Nilikaa chini nikamtazama. Alikwangua soli, akapaka gundi, akamwita mkewe aibane kwa magoti, maana yeye hakuweza kuukunja ule mguu, kisha akashona pembeni kote, uzi wa nta, mishono midogo iliyokazwa. Mwishowe nikamuuliza mbona wanasema kule Gatina kwamba hajiwezi.

"Wanasema," akajibu, bila kuinua macho. "Mimi naumwa na nyonga. Mikono haijawahi kuniuma."

Ndipo akanieleza. Musyoka alikuwa amekuja kumwambia kwamba watu wamechoka na michango, kwamba nyonga haimlizi mtu, na kwamba mtu mzima anayelishwa uji atamliza hata mwenye moyo wa jiwe. Akamwomba afunge kibanda mpaka Jumamosi ipite, asije mtu wa Gatina akapita akamkuta kazini. Kambi Muru nzima ilijua. Walinyamaza, maana nani atamharibia mwenzake dawa? Na ndiyo sababu turubai lilifungwa Gatina, ambako hakuna aliyewahi kumpelekea kiatu.

Nilirudi barabarani. Raba ilishika kabisa, ikawa imara kuliko ile ya kushoto. Njia nzima nilijiambia kwamba jioni sitasema yale maneno. Basi jioni ikafika, nikamkuta amelala palepale, blanketi kidevuni, mkewe na kijiko. Musyoka akanipa kipaza sauti na watu wakaanza kuliita jina langu, Mwende, Mwende. Nikasema. Nilisema hata kwa sauti ya kutetemeka kuliko siku zote, na makofi kama ya siku ile hayakuwahi kutokea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa siku nne mfululizo. Nilikuwa napenda jina langu likitoka kwenye kile chombo, mwanangu. Nilipenda kuliko nilivyompenda yule mgonjwa.

Katika ploti yetu palikuwa na bibi mmoja muuza ndengu za kupika, Susu Kalekye. Kwetu bibi ni susu, na yule alikuwa susu wa kila mtu. Kila jioni alinichemshia maji ya chumvi ya kuloweka miguu. Jioni ile nilimsimulia habari ya raba kama kichekesho, jinsi marehemu mtarajiwa alivyonishonea kiatu. Nilicheka peke yangu. Susu alimimina maji kwenye beseni polepole mpaka yakaisha, akakaa mbele yangu.

"Miguu yako inasema ukweli mchana mzima," akasema. "Halafu jioni mdomo unakuja kusema uongo. Watu waamini kipi?"

Nikajitetea kwamba ni kwa ajili ya kumsaidia. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi, na kwamba bila machozi watu hawatoi. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Halafu akaniuliza ninamkimbilia nani. Nikasema Baba Mutua.

"Leo Baba Mutua amerudi Kibera na aibu," akasema Susu. "Wewe umerudi hapa na makofi. Hapo nani anamkimbilia mwenzake?"

Niliingiza miguu kwenye yale maji na yalikuwa ya moto mno, lakini niliona aibu hata kulalamika. Yeye akaenda kulala. Wazee wa zamani walikuwa hivyo, hawakuwa na hotuba ndefu kama mimi.

Ijumaa, mzunguko wa kwanza tu, nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Mutua. Nilimwambia kwamba jioni nitasema ukweli wote. Nilidhani atanishukuru. Badala yake alipapasa ule mguu wake.

"Ukisema," akaniambia, "na hao watu warudishe pesa mfukoni, mimi nitabaki na hii nyonga. Wewe Jumatatu utaenda kufua."

Hilo lilinikata, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoka kwenye uongo wa kutafuta sifa, nikakimbilia ukweli wa kutafuta sifa. Nyonga haikuwa yangu. Mama Mutua alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, na ndiye aliyesema lililonifuata barabarani siku ile nzima.

"Huyu tukiwa hapa tunakula pamoja sahani moja," akasema. "Nikimlisha mbele ya watu, naona kama nazika mume wangu."

Baba Mutua alisema tu kwamba wakimwona hivyo, hata akipona, hakuna atakayempa kiatu ashone, maana nani huwapa kazi watu wa kulishwa. Kisha akaniambia niende, nisije nikachelewa. Jioni ile nilipopewa kipaza sauti nilisema asanteni, nikakirudisha. Musyoka alikasirika, akaniuliza kama nataka kuwaangusha wakati tumebakisha siku moja. Nilimwambia nimechoka. Nayo ilikuwa kweli, ingawa si yote.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Nilipomaliza mzunguko wa mwisho wakanibeba juujuu mpaka chini ya turubai. Baba Wangari alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha mikono. Musyoka alitangaza kwamba kazi imekwisha, sasa tumwone mgonjwa wetu akipata uji wake wa mwisho kabla ya kwenda hospitali. Mama Mutua akapiga magoti, akachota uji, akainua kijiko.

Baba Mutua akatoa mkono ndani ya blanketi. Alikishika kile kijiko, akakitoa taratibu kwenye vidole vya mkewe, akakipeleka mdomoni mwenyewe. Akachota kingine. Akala hivyo, bila haraka, na umati wote ukimtazama, mpaka kikombe kikabaki kitupu. Kisha akamrudishia mkewe kikombe, akamwambia asante.

Musyoka ndiye aliyezinduka kwanza. Alirukia kipaza sauti akatangaza kwamba ni muujiza, Bwana asifiwe, maombi ya Gatina yamejibiwa, mikono imefunguka. Na mwanangu, wamama wakaanza wimbo. Watu walikuwa wanasimama kutoa zaidi. Nilimwona Baba Mutua amefumba macho. Alikuwa ametumia ujasiri wake wote kukishika kile kijiko, na sasa walikuwa wanamnyang'anya tena. Yeye alikuwa ameshaonyesha anachotaka, kwa hiyo sikuwa na sababu tena ya kungoja.

Nilimnyang'anya Musyoka kipaza sauti. Nilisema, "Si muujiza. Mikono yake haijawahi kuwa migonjwa. Hii raba alinishonea yeye, Alhamisi." Nikainua mguu wauone. Nikaeleza kwamba nyonga imevunjika kweli, anaumwa kweli, na upasuaji unahitajika kweli, lakini hayo ya kijiko tuliyatunga ili watoe.

Wimbo ulikatika. Baba Wangari aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi nilijua. Nikamwambia nilijua tangu Alhamisi. Alivaa kofia yake, akaondoka, na wenzake wenye ploti wakamfuata. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu iliishia pale kwenye lango la kanisa. Simlaumu yule mzee. Alikuwa ametoa kwa moyo, tukamfanya mjinga.

Waliobaki walikuwa wachache, na wengine walibaki ili watutukane. Lakini palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyepenya hadi godoroni. Alivua kiatu chake kilichopasuka kisigino, akamuuliza Baba Mutua kama hicho kinashoneka. Baba Mutua alikigeuza akakitazama, akasema kinashoneka, ila si kwa bei rahisi. Mama Mutua alicheka mpaka akalia. Jumatatu kibanda kilifunguliwa.

Sasa ningependa kukuambia kwamba ukweli ulilipa papo hapo, lakini nitakuwa narudia kosa lilelile. Ahadi nyingi zilipotea. Tuliendelea kuchanga kidogokidogo, Musyoka akiwa mbele, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema jambo moja tu, kwamba fundi viatu amevunjika nyonga. Upasuaji ulifanyika mwaka uliofuata, baada ya mvua ndefu. Daktari akasema mfupa ulishajiunga vibaya, na kwamba wangeletewa mgonjwa mapema angetembea wima. Mpaka leo Baba Mutua anatembelea bakora.

Kwa miaka mingi lile neno la daktari lilinikaa kooni. Nilipomwona akipanda kilima cha Kambi Muru na ile bakora, nilijiuliza kama mdomo wangu ndio uliomvunja mara ya pili. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikaenda kibandani kwake nikamuuliza waziwazi kama ananilaumu. Alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja kwanza.

"Mwende," akasema, "nyonga ilikuwa inaniuma tu. Ule uji ndio uliokuwa unaniua."

Akarudisha misumari mdomoni, akaendelea na kazi.

Mwanangu, nimesikia wewe na wenzako mnapanga kukimbia mchana na usiku ili mchangie wagonjwa, na kwamba mmeshaanza kupiga picha za kuzungusha kwenye simu. Siwazuii. Miguu ni ya kutumiwa wakati ipo, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hao wasio na kitu wa Kawangware watawapa, nimewaona wakitoa. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, nenda ukakae na yule unayemkimbilia. Muulize anataka asemwe vipi mbele za watu, na akikuambia usiseme jambo fulani, usiliseme hata kama lingejaza kapu. Shida yake iseme kwa ukubwa wake. Ukiiongeza, umemwibia mtoaji, na anayechangiwa umemwibia zaidi, maana pesa zitakwisha hospitalini lakini picha uliyomchora atabaki nayo mtaani kwake. Na wewe mwenyewe, ukifika mahali pagumu, magoti yamekataa na hakuna anayeliita jina lako, jiulize bado unaenda kwa nani. Ukikuta ni kwa ajili ya makofi, usijichukie. Mimi pia nilikuta hivyo. Omba msamaha, urekebishe mdomo, uendelee kukimbia. Na ukweli ukiwagharimu, kubali gharama, usiwaambie watu kwamba ulikuwa rahisi.

Mungu akupe miguu isiyochoka haraka na mdomo usioitangulia. Akupe watu wa kukupigia makofi, na mmoja wa kukukemea ukishaingia ndani. Na yeyote utakayemsaidia, Mungu amjalie aweze kukutazama usoni bila kuinamisha kichwa, mle naye sahani moja. Nenda, mwanangu, ukimbie salama.